P3D4-12 au P3D2-12? Soma omu kabla ya kusoma wati

Rockford Fosgate wanauza sabufa ya inchi 12 ya Punch P3 kwa majina mawili yanayokaribia kufanana: P3D4-12 na P3D2-12. Uwezo ulioandikwa ni ule ule, wati 600 za RMS (nguvu ya kudumu) na wati 1200 za kilele. Tofauti imo katikati ya jina. D4 ina koili mbili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja, D2 ina koili mbili za omu 2 kila moja. Wanunuzi wengi huulizia wati tu na kuondoka na ile iliyobaki rafuni. Matokeo yake sabufa nzuri inafungwa kwenye amplifaya nzuri, halafu besi inatoka dhaifu, au taa nyekundu ya kujikinga inawaka kila sauti ikipandishwa.

Hukumu ya haraka kwa mwenye haraka: ukifunga sabufa moja, chukua D4. Ukifunga mbili, chukua D2. Njia zote mbili zinakufikisha kwenye omu 2, na kwa gari la kawaida hapo ndipo mahali pa raha zaidi. Kuna hali mbili tatu ambapo ushauri huu unageuka, nazo zinategemea amplifaya uliyonayo.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu tathmini hii haina mguu wa kusimamia. Koili zikifungwa kwa mfululizo, yaani hasi ya moja ikaingia kwenye chanya ya nyingine, omu zinajumlishwa. Zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na zikiwa zinalingana, omu ya koili moja inagawanywa kwa idadi ya koili. Kwa hiyo P3D4-12 moja inakupa omu 2 ikiwa sambamba au omu 8 ikiwa mfululizo. P3D2-12 moja inakupa omu 1 au omu 4. Hakuna namna ya kupata omu 2 kutoka kwa D2 moja ukitumia koili zote mbili, na hakuna namna ya kupata omu 4 kutoka kwa D4 moja. Fundi akikuambia atakufungia D4 moja iwe omu 4, muulize koili ya pili ameiacha wapi.

Kutumia koili moja na kuiacha nyingine wazi kunawezekana, lakini unabaki na karibu nusu ya uwezo wa kuhimili joto, na tabia ya sabufa ndani ya boksi inabadilika kwa sababu breki ya umeme kwenye koni imepungua. Hakuna sababu ya kununua koili mbili ili utumie moja.

Sabufa mbili zinafungua nafasi zaidi. D4 mbili, koili zote nne sambamba, ni omu 1. D4 mbili, kila moja koili zake mfululizo (omu 8), kisha sabufa kwa sabufa sambamba, ni omu 4. Ukigeuza mpangilio, kila moja koili zake sambamba (omu 2), kisha sabufa kwa sabufa mfululizo, unarudi pale pale kwenye omu 4. D2 mbili, kila moja koili zake mfululizo (omu 4), kisha sabufa sambamba, ni omu 2. D2 mbili zote sambamba ni nusu omu, na huko amplifaya nyingi za gari hazitakiwi kufika.

Sabufa tatu ni namba ya usumbufu. D2 tatu, koili mfululizo kisha sabufa sambamba, zinatua kwenye omu 1.33, D4 tatu kwa mtindo huo huo zinatua 2.67. Zote mbili zinafanya kazi, ila karatasi za amplifaya huandika nguvu kwenye omu 1, 2 na 4, hivyo utabaki kukisia ni wati ngapi unapata. Nne ni rahisi tena: D4 nne, koili mfululizo kisha zote sambamba, ni omu 2. D2 nne kwa mtindo huo ni omu 1.

Sasa amplifaya. Mfano mzuri ni R2-500X1 ya kampuni hiyo hiyo, ya chaneli moja, inayotoa wati 250 kwenye omu 4 na wati 500 kwenye omu 2. P3D4-12 moja ikifungwa sambamba inaikuta amplifaya hii mahali pake pazuri kabisa: wati 500 kwa sabufa ya wati 600. Ukichukua D2 badala yake, unabaki na chaguo mbili mbaya. Mfululizo ni omu 4 na wati 250, yaani nusu ya ulicholipia. Sambamba ni omu 1, chini ya kiwango cha amplifaya, nayo itapasha moto na kujizima, au siku moja isiwake tena. D4 iliyofungwa mfululizo kwa bahati mbaya, omu 8, itapata takriban wati 125 tu. Hili la mwisho ni kosa la kimya: hakuna kinachoungua, hakuna taa inayowaka, mwenye gari anaamini tu kwamba sabufa ni mbovu.

Kwa sabufa mbili, angalia amplifaya inatoa nguvu yake kubwa kwenye omu ngapi. R2-1200X1 hutoa wati 1200 kwenye omu 1. Hapo P3D4-12 mbili, koili zote nne sambamba, ndiyo ndoa sahihi: wati 600 kwa kila moja, sawasawa na ilivyoandikwa. D2 mbili kwenye amplifaya hiyo zitakaa omu 2 na hutapata wati zote, ingawa itafanya kazi kwa utulivu zaidi. Kwa upande mwingine, kama una amplifaya ya chaneli mbili unayotaka kuiunganisha chaneli zake kuwa moja, nyingi za aina hiyo zinakubali omu 2 kwa kila chaneli lakini zinataka omu 4 zikiunganishwa, kwa sababu zikiunganishwa kila chaneli inaona nusu tu ya omu zilizofungwa. Kwa mtu huyo sabufa mbili za D4 zenye omu 4 ndizo zenyewe, au D2 moja yenye koili mfululizo.

JL Audio wana njia yao. Amplifaya kama 1000/1v2 ina sehemu ya umeme inayojirekebisha, ikitoa wati 1000 zile zile kuanzia omu 1.5 hadi omu 4. Kwa amplifaya hiyo, P3D2-12 mbili kwenye omu 2 na P3D4-12 mbili kwenye omu 4 zinapata nguvu sawa, na mjadala wote wa D2 na D4 unapungua uzito. Unachotakiwa kukwepa ni D4 mbili zote sambamba, kwa kuwa omu 1 iko nje ya eneo lake. Ndiyo maana pia sabufa yao 12W7AE-3, yenye koili moja ya omu 3 ambayo mwanzoni inaonekana namba ya ajabu, inaleta maana ukifunga mbili sambamba: omu 1.5, mpaka wa chini kabisa wa amplifaya hizo.

Kwa nini basi omu 2 na si omu 1, wakati kila mwenye duka atakuambia omu 1 ndiyo inayopiga? Tuchukue wati 1200. Kwenye omu 1 mkondo unaokwenda kwa spika ni karibu ampea 35. Kwenye omu 2 ni karibu 24.5, na kwenye omu 4 ni karibu 17. Joto linalopotea kwenye kila kitu chenye ukinzani njiani hufuata mraba wa mkondo, hivyo kutoka omu 2 kwenda omu 1 hasara inakuwa mara mbili kwa nguvu ile ile. Kwenye waya wa spika wenyewe si jambo kubwa: shaba ya milimita 4 za mraba, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, ina takriban omu 0.017, na kwenye omu 1 inakula kama wati 20 kati ya 1200. Kinachouma ni kwamba sheria hiyo hiyo inafanya kazi ndani ya amplifaya, kwenye transista na njia za umeme za bodi yake. Amplifaya ya omu 1 inayotumiwa kwenye omu 1 inakuwa na joto zaidi, ufanisi wake unashuka, na betri inaombwa zaidi kwa sauti ile ile.

Faida ya omu 1 ni bei tu. Wati zinazotolewa kwenye omu 1 ni rahisi kutengeneza kuliko wati zinazotolewa kwenye omu 2, kwa hiyo amplifaya inayofikia 1200 kwenye omu 2 kwa kawaida ni kubwa na ghali zaidi. Kama bajeti ni finyu na nyaya za umeme ni nzuri, omu 1 si dhambi. Dhambi ni omu 1 kwenye amplifaya ya omu 2.

Jambo moja ambalo karatasi za bidhaa haziligusi: omu 4 iliyoandikwa kwenye koili ni jina zaidi kuliko kipimo. Koili ikicheza ndani ya boksi, impedansi yake (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) hupanda na kushuka kulingana na noti. Kwenye boksi lililofungwa kabisa kuna mlima mmoja karibu na masafa ya mwangwi wa mfumo (noti ambayo sabufa na boksi hutetemeka kwa urahisi zaidi), na juu ya mlima huo sabufa ya omu 2 inaweza kuonekana na amplifaya kama ya omu 10 au zaidi. Kwenye boksi lenye bomba kuna milima miwili na bonde katikati, karibu na masafa ambayo bomba limetungiwa. Kwenye bonde hilo impedansi inakaribia ukinzani halisi wa koili. Hii ina maana mbili. Amplifaya yako mara nyingi inatoa wati chache kuliko zilizoandikwa. Na usitumie hali hiyo kama kisingizio cha kufunga nusu omu, kwa sababu noti ikiangukia bondeni mzigo mzima unarudi.

Kufunga kwenyewe kunahitaji multimita, betri ndogo ya volti 1.5, na nusu saa ya subira. Ondoa kwanza waya chanya wa amplifaya kwenye betri ya gari. Gusanisha ncha za multimita zenyewe kwa zenyewe na usome. Mara nyingi utaona omu 0.1 hadi 0.3, na kiasi hicho utakipunguza kwenye kila kipimo. Pima koili moja moja. Ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.8, ya omu 2 husoma kama 1.6 hadi 1.9, kwa sababu multimita inapima ukinzani wa umeme wa moja kwa moja tu, si impedansi. Koili mbili za sabufa moja zinatakiwa zikaribiane sana. Moja ikisoma chini kwa tofauti inayoonekana, ina mizunguko iliyogusana. Isiposoma kabisa, imekatika.

Kisha jaribu mwelekeo. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwenye koili ya kwanza kwa mguso mfupi: koni inatoka nje. Fanya hivyo kwa koili ya pili: lazima itoke nje vile vile. Usiruke hatua hii hata kama terminali zina alama, kwa sababu kosa la mwelekeo ndilo pekee ambalo multimita haiwezi kulionyesha. Koili zenye omu sahihi lakini moja imegeuzwa zinasoma namba ile ile, huku ndani zikivutana kinyume. Koni haisogei, umeme wote unageuka joto, na kwa kuwa hakuna mwendo wa kupoza koili wala wa kupandisha impedansi, zinaungua haraka na kwa ukimya. Harufu ya gundi iliyoungua huku besi ikiwa haisikiki mara nyingi ndiyo dalili yake.

Kwa D4 moja: unganisha chanya mbili kwa kipande cha waya, hasi mbili kwa kipande kingine, kisha toa jozi moja kwenda kwenye amplifaya. Kwa D2 mbili: ndani ya kila sabufa funga hasi ya koili ya kwanza kwa chanya ya koili ya pili, chanya iliyobaki na hasi iliyobaki ndizo mlango wa sabufa hiyo. Milango miwili iunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Waya wa kuungia uwe na unene ule ule wa waya mkuu, na nyuzi zake zisokotwe vizuri kabla ya kuingia kwenye terminali. Uzi mmoja uliochomoza na kugusa jirani yake unatosha kuifanya amplifaya ijifunge kila ukiwasha.

Kabla ya kugusa amplifaya, pima tena mwisho wa waya. D2 mbili zilizofungwa sahihi zinasoma kati ya 1.6 na 1.9. Ukisoma karibu 3.6, sabufa moja haijaungwa. D4 mbili zote sambamba zinasoma kama 0.8 hadi 0.95, ukiona karibu 1.2, koili moja kati ya nne imeachwa nje, karibu 1.8, sabufa nzima haimo. Malizia kwa betri ndogo pale pale mwisho wa waya: koni zote mbili zitoke nje kwa pamoja. Moja ikiingia ndani, sabufa hizo zitafutana na utapata besi nyembamba ya ajabu hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Mtego mwingine uko kwenye amplifaya yenyewe. Nyingi za chaneli moja zina matundu mawili ya chanya na mawili ya hasi. Hizo si chaneli mbili; zimeunganishwa sambamba ndani. Ukichomeka sabufa ya omu 1 kwenye jozi hii na nyingine ya omu 1 kwenye jozi ile, umetengeneza nusu omu, ingawa kwa macho inaonekana kila moja ina njia yake. Watu wengi waliochoma amplifaya kwa D2 mbili wameingilia mlango huu.

Baada ya kufunga, rekebisha geini (kirekebishi cha kiwango cha ishara kwenye amplifaya) upya, hata kama ilikuwa sawa na sabufa za zamani. Volti unayoitafuta ni mzizi wa mraba wa wati kuzidisha omu. Wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Wati 1200 kwenye omu 1 ni volti 34.6, lakini wati hizo hizo kwenye omu 4 ni volti 69.3. Ona tofauti: geini iliyowekwa kwa omu 4 ikiachwa hivyo baada ya kuhamia omu 1 inaiomba amplifaya mara nne ya wati. Tenganisha spika, zima vikuza besi vyote, cheza toni safi ya hezi 50, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, na pandisha geini taratibu hadi volti hiyo. Usizidishe hapo, sauti iliyokatwa vichwa vya mawimbi inachoma koili hata ya wati 600.

Upande wa umeme nitapita haraka. Wati 1200 kwa amplifaya ya klasi D yenye ufanisi wa asilimia 80 ni karibu ampea 109 kwenye volti 13.8 wakati wa kilele. Waya wa milimita 21 za mraba uko ukingoni hapo. 35 au 50 ya shaba tupu ni salama zaidi, na ile ya alumini iliyopakwa shaba ihesabu kama nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na waya wa hasi uwe na unene sawa na wa chanya, umefungwa kwenye bodi ya gari iliyokwanguliwa rangi.

Je, kuna tofauti ya sauti kati ya P3D4-12 na P3D2-12? Kwa nguvu sawa na boksi moja, hakuna ambayo sikio litaitambua. Kwa hiyo ukiona moja inasifiwa kuliko nyingine, karibu kila mara kinachosifiwa ni amplifaya iliyokutana na omu yake. Hali ni hiyo hiyo kwa washindani: Kicker CompR ya inchi 12, wati 500 za RMS, nayo inauzwa kwa koili mbili za omu 2 au za omu 4, na kila ulichosoma hapa kinaifaa bila kubadilisha neno.

Malalamiko dhidi ya P3 ni moja, nalo ni la jina. Tarakimu inayoamua kila kitu imebanwa katikati ya herufi, na katoni mbili zikiwa pamoja ni rahisi kubeba D4 moja na D2 moja. Ukifika nyumbani na mchanganyiko huo, usiufunge. Sambamba, D2 inabeba mara mbili ya wati za D4. Mfululizo inageuka, D4 ndiyo inayobeba mzigo. Kwa vyovyote moja itaelemewa huku nyingine ikizembea. Vivyo hivyo ikiungua moja kati ya mbili: soma jina nyuma ya sumaku ya iliyobaki, si kwenye risiti, kisha nunua ile ile.